Waanze Walio Mbali: Hotuba ya Mgeni Rasmi, Kaole



Nimeitwa kuzindua uandikishaji wa kaya kwenye bima ya afya. Nina neno moja: mgonjwa afike.

Wilaya hii imeifaa dunia. Watoto wa Bagamoyo walishiriki majaribio ya chanjo mbili za malaria kupitia tawi la Taasisi ya Afya Ifakara lililopo hapa. Shirika la Afya Duniani liliipitisha ya kwanza mwaka 2021, ya pili 2023. Akina mama, nyinyi ndio mliowatoa wanenu.

Sasa mama huyo huyo, akianza kutoka damu saa nane usiku kwenye kambi ya wavuvi, mumewe yuko baharini, anafikaje kwa mkunga? Bodaboda anataka hela mkononi. Beseni liko tayari mlangoni, lina kanga mbili, pamba na wembe alivyokopa dukani. Sera ya Afya ya mwaka 2007 inasema mjamzito asitozwe. Ni sera nzuri, lakini nauli haimo.

Ndiyo maana nawasihi mshike namba 115, ya mfumo wa m-mama. Kupiga ni bure. Mjamzito, mzazi au kichanga akiwa hatarini, hutafutiwa gari la wagonjwa. Likikosekana, huitwa dereva wa jamii aliyesajiliwa, naye hulipwa na mfumo. Mwenyekiti, namba hiyo iandikwe kwenye kila duka na kila kambi. Vijana wenye magari wajisajili.

Kuhusu bima, Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 inawatambua wasio na uwezo. Hao mnawajua nyinyi. Yupo mzee mwenye matende ambaye haji mkutanoni kwa kuona haya. Afuatwe nyumbani, kwa heshima.

Sewa Haji, tajiri wa Bagamoyo, alipotoa jengo la shule mwaka 1896 aliweka sharti: lipokee watu wa rangi zote. Nami naomba langu. Daftari lianzie kambini na kwenye mashamba ya chumvi, sisi wa hapa karibu tuandikwe mwisho.

Kwa hayo, natamka kuwa uandikishaji umezinduliwa rasmi.