NAFUU SI KUPONA

(Mazungumzo na wanakisomo wa Makorora, Tanga)

Ndugu zangu wa kisomo, mama zangu na baba zangu, hamjambo?

Nyote mmeitikia, "Hatujambo." Ndivyo tulivyolelewa. Mtu ana homa, mguu umevimba, usiku hakulala, lakini akiulizwa hali husema hajambo. Adabu hiyo ni nzuri. Lakini kuna mahali inaweza kumponza mtu. Mahali hapo ni mbele ya daktari anayempima mfanyakazi aliyeumia kazini na ambaye anapokea fidia.

Kwanza tujue fidia hiyo inatoka wapi. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ilipitishwa mwaka 2008. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ule tunaouita WCF, ulianza kazi Julai 2015. Anayeuchangia ni mwajiri. Mfanyakazi hakatwi hata senti kwa ajili ya mfuko huo. NSSF ni mfuko mwingine, nao una pensheni yake ya ulemavu. Kwa hiyo kila anayelipwa ajue ni mfuko gani unaomlipa.

Sasa tuchukue mfano. Mtu anafanya kazi katika shamba la mkonge. Mshahara wake ni shilingi 500,000 kwa mwezi. Mashine inamuumiza mkono wa kulia, hawezi kufanya kazi. Huo unaitwa ulemavu wa muda. WCF humlipa asilimia 70 ya mshahara, yaani shilingi 350,000 kwa mwezi. Malipo hayo hayazidi miezi 24.

Mwezi wa 6 mkono unaanza kupata nguvu. Anashika kijiko, anafunga kifungo cha shati. Hapo ndipo mashaka huanza. Anajiuliza: Je, nikisema nina nafuu, fedha zitakatwa? Watoto watakula nini?

Jamani, swali hilo si la kuchekwa. Ni swali la chakula. Basi tulijibu kwa ukweli. Ndiyo, fedha zinaweza kupungua au kusimama. Fidia ile imeshika nafasi ya mshahara. Ukiweza kazi yako kama zamani, utarudi kwenye mshahara wako wa shilingi 500,000, na fidia itakoma. Lakini kama umeweza kazi nyepesi tu, na mshahara umepungua, sheria inaitambua hali hiyo pia. Kuna ulemavu wa muda wa mwili kushindwa kabisa, na kuna ule wa kushindwa kwa sehemu.

Watu hukosea kwa njia mbili. Wa kwanza huficha. Kwenye karatasi mkono haufanyi kazi, lakini Mgandini sokoni watu wanamwona akipakia magunia. Kusema uwongo ili upate fidia ni kosa kisheria. Wahenga walisema, mficha maradhi kilio humfichua. Hapa aliyeficha ni uzima, na pia atafichuliwa. Siku hiyo hata maumivu yake ya kweli hayataaminiwa tena.

Wa pili hufanya kinyume. Huyu ni mtu mwema, ana haya. Daktari anamuuliza, "Hujambo, mzee? Mkono vipi?" Naye anajibu, "Sijambo, namshukuru Mungu, nimepona." Kumbe mkono haupandi juu ya bega! Daktari huandika anachokiona na anachoambiwa. Na karatasi ile ina uzito mkubwa. Matibabu yakifika mwisho na kilema kikabaki, hupimwa kwa asilimia. Kisichozidi asilimia 30 hulipwa kwa mkupuo mmoja. Kikizidi hapo, mtu hulipwa pensheni ya kila mwezi. Sasa neno moja la adabu linaweza kumpunguzia mtu haki yake.

Kwa hiyo, ndugu zangu, tutenganishe maneno mawili. Nafuu ni nafuu. Kupona ni kupona. Aliyevuka nusu ya mto hayuko tena ukingoni, lakini hajafika ng'ambo.

Mtu afanye nini basi? Aseme mambo manne: anachoweza sasa, asichoweza bado, tangu lini, na daktari amesema nini. Asingoje kuulizwa. Hapa ndipo kisomo chetu kinapotufaa. Zamani tungemtafuta mtu wa kutuandikia, naye angeandika anavyojua yeye. Leo unaweza kushika kalamu mwenyewe na kuandika hivi:

"Niliumia mkono wa kulia nikiwa kazini. Tangu mwezi uliopita nimepata nafuu. Naweza kula kwa mkono huo na kubeba ndoo isiyojaa. Siwezi kunyanyua gunia, wala kuinua mkono kupita bega. Usiku bado unauma. Daktari ameniona, na cheti chake nimekiambatisha."

Mistari michache tu. Haina uwongo wala haina manung'uniko. Weka tarehe, jina lako na namba ya madai yako. Peleka barua hiyo kwenye mfuko unaokulipa, na mwajiri wako umjulishe pia. Ubaki na nakala nyumbani, na aliyepokea akugongee muhuri juu ya nakala hiyo. Mtu akija kusema hukutoa taarifa, utamwonyesha.

Na siku ukiitwa kupimwa, nenda. Salimia kwa adabu zote, itikia "sijambo." Kisha vuta pumzi, uongeze neno moja dogo: "ila." Sijambo, ila bega halipandi. Sijambo, ila vidole vinakufa ganzi. Neno "ila" halimvunjii mtu heshima. Linamsaidia daktari kuandika kweli, na linawalindia watoto wako chakula chao bila kumwibia mtu yeyote.