Mahujaji wa Kisiwa cha São Miguel



Nimepewa kusema habari ya hija, kwa kuwa katika Jubilei hii wengi wetu wataziendea kwa miguu misioni za kwanza za jimbo letu. Nami nimeona vema kuwapeleka kwanza mbali, katika bahari ya Atlantiki.

Huko kuna visiwa tisa vya Wareno, viitwavyo Azores. Wareno hao twawajua pwani yetu, maana ndio walioanza kujenga Ngome ya Yesu pale Mombasa mwaka 1593. Kisiwa kilicho kikubwa kupita vyote ni São Miguel, nacho ni nchi ya milima ya moto. Usiku wa tarehe 22 Oktoba 1522, kabla ya mapambazuko, nchi ilitetemeka, na upande wa kilima ukaporomoka juu ya Vila Franca do Campo, uliokuwa mji mkuu. Maelfu ya watu wakazikwa katika udongo, wamelala vitandani mwao. Waliosalia wakaenda kwa maandamano, wakimwomba Mungu rehema na Bikira Maria maombezi. Mwaka 1563 mlima mwingine ukapasuka na kutoa moto, watu wakazidi kuomba. Ndivyo wazee wa kisiwa wasimuliavyo asili ya mahujaji wao, waitwao kwa Kireno romeiros.

Hata leo, kila Kwaresima, wanaume, wazee kwa vijana, hutoka vijijini mwao kwa makundi, wakakizunguka kisiwa chote kwa miguu muda wa siku nane. Bahari huwa mkono wao wa kushoto, mpaka warudi walikotoka. Kila mmoja ana shali mabegani, kitambaa shingoni, fimbo na rozari. Huondoka jua halijachomoza, hata mvua ikinyesha na ukungu ukifunga njia. Hupita Nordeste, Povoação, Ribeira Grande, na vijiji vidogo vya kale vilivyo juu ya magenge ya bahari, wakisali katika makanisa ya Mama wa Mungu yaliyo njiani. Tajiri na mvuvi, mwalimu na mchunga ng'ombe, wote huitana "ndugu", na wote humtii kiongozi mmoja.

Sasa sikilizeni neno nitakalo mlishike. Mahujaji wakipita, mama atasimama mlangoni na kuuliza, "Ndugu, ninyi ni wangapi?" Akiambiwa hamsini, atasali Salamu Maria hamsini, moja kwa kila mtu. Naye atawaomba wamkumbuke mgonjwa wake, au mwanawe aliyehamia Marekani. Katika kundi yuko mmoja ambaye kazi yake ni kuyapokea maombi hayo na kuyatangaza, ndipo wote wasali. Jioni wenyeji hugawana mahujaji, huyu wawili, yule watatu, wakawapa maji ya moto, chakula na malazi. Asubuhi hawadai kitu ila sala.

Je, mwenye kuhiji hapo ni nani? Ni yule atembeaye, au bibi mzee asiyeweza kuvuka kizingiti chake? Wahenga wetu walisema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Mtu akienda na shida zake peke yake, aweza kurudi nazo vile vile, na uchovu juu yake. Lakini akichukua mzigo wa nyumba azipitazo, kijiji kizima kimekwenda pamoja naye, hata kiwete, hata aliye kitandani.

Basi, ninyi mtakaotembea, msipite vijijini kama waendao sokoni. Simameni, ulizeni habari ya wagonjwa, mkayachukue majina yao mpaka altareni. Nanyi mtakaobaki, msiseme, "Hiyo ni safari ya wenye nguvu." Wekeni mtungi wa maji mlangoni, wahesabuni wapitao, mkawaombee mmoja mmoja.

Watu wa Vila Franca walifunikwa na udongo usiku mmoja. Miaka mia tano imepita, wala hawajasahauliwa, kwa sababu walio hai wangali wanatembea. Mungu atujalie nasi tusiwasahau waliotutangulia katika njia hii. Amina.