Miparachichi ya Mbegu katika Kasulu na Kibondo



Leo twataka kusema nanyi juu ya miparachichi iliyoota kwa mbegu. Katika vilima vya Buha mti huu humea vema. Mtu hula tunda, hutupa kokwa migombani, na baada ya miaka mitano, saba au zaidi huona mti umezaa. Lakini yatazameni matunda yenyewe. Mti huu matunda yake ni marefu kama kibuyu, ule ni ya mviringo. Huu nyama yake ni laini yenye mafuta, ule ina nyuzi na majimaji. Huu kokwa lake ni dogo, na ule kokwa limejaa tunda zima.

Labda mtauliza: mbegu za mti mmoja zawezaje kuzaa miti isiyofanana? Sababu ni hii. Ua la mparachichi hufunguka mara mbili: mara ya kwanza ni jike, kisha hufunga, na likifunguka tena ni dume. Miti mingine huwa na maua ya kike asubuhi, mingine alasiri. Kwa hiyo nyuki huchukua unga wa maua ya mti mmoja na kuupeleka kwa mwingine, na kila kokwa huwa mtoto wa damu iliyochanganyika. Hata matufaha ya nchi za baridi yana tabia hiyo.

Basi mti mzuri wa mbegu hauna pacha duniani. Ukipanda kokwa zake kumi, huenda usipate hata mmoja uliofanana nao. Na ukiukata kwa ajili ya mkaa, tunda lile limekwisha kabisa.

Sikilizeni habari ya kweli. Katika California, nchi ya Marekani, alikuwako mchukuzi wa barua za posta, jina lake Rudolph Hass. Mche wake mmoja wa mbegu ulikataa kubebeshwa, naye akawaza kuukata. Akashauriwa auache. Ulipozaa, watu wa nyumbani mwake wakalipenda tunda lake kuliko mengine, na mwaka 1935 akaandikishiwa haki ya mti huo. Mti wenyewe uliugua ugonjwa wa mizizi, ukakatwa mwaka 2002. Lakini vikonyo vyake vilikuwa vimekwisha kuenea duniani, hata Njombe katika nchi yetu.

Kubebesha si kazi ya uchawi. Pandeni makokwa katika kitalu. Mche ukifikia unene wa penseli, chukueni kikonyo cha urefu wa kidole kutoka ncha ya tawi la mti mliouchagua, chenye macho yaliyoanza kuvimba, mkiondoe majani. Kateni kichwa cha mche, mpasue shina kidogo, mchonge kikonyo kama kabari na kukitia humo, ganda likutane na ganda. Fungeni kwa ukanda wa nailoni, mweke kivulini. Kikonyo kisikauke: kifungeni katika kitambaa chenye unyevu, na kazi ifanywe siku ile ile.

Wengine watasema: kwa nini tusikate yote tukapanda Hass peke yake? Hass ni mti mzuri wa biashara, wala hatuwakatazi kuupanda. Lakini kijiji chenye aina moja tu, ugonjwa ukiingia, huumia chote pamoja. Tena miti yenu ya mbegu haizai yote mwezi mmoja, na kwa sababu hiyo watoto hupata chakula kwa muda mrefu. Usiache mbachao kwa msala upitao.

Kwa hiyo twawaomba mambo matatu. Wakulima, utieni alama mti wenye tunda jema. Walimu, waandikisheni wanafunzi daftari la miti ya kijiji: uko wapi, huzaa mwezi gani, nyama yake ikoje, ganda lake lavumilia safari ya sokoni au sivyo. Nanyi wazee, mti mzuri usikatwe kabla ya vikonyo vyake kubebeshwa na kushika. Shoka hufanya kazi yake asubuhi moja, wala hakuna kokwa litakalourudisha mti ule.