Simbilisi wa Watoto Nao Wanahitaji Kutembea



Leo sitazungumza habari za ng'ombe. Najua wapo watakaonung'unika kwamba afisa mifugo amekuja kwa pikipiki, vumbi mpaka masikioni, kutuambia habari za wanyama wa watoto. Ndiyo, nimekuja kwa hilo. Katika maboma ninayopita siku hizi nakuta simbilisi. Mwingine ameletwa na mtoto anayesoma shule ya bweni, mwingine ametoka kwa ndugu wa Iringa au Njombe, ambako watu huwafuga. Hapa kwetu hawaliwi wala hawauzwi, ni wa watoto tu. Lakini wengi nawakuta ndani ya katoni ya sabuni, wamejikunyata kwenye kona, wamenenepa, kucha zimepinda. Na mtoto ananiuliza, "Mbona hachezi?"

Jibu mnalo ninyi wenyewe. Mnajua ng'ombe anayefungwa zizini muda mrefu anavyokuwa: kwato zinarefuka, viungo vinakakamaa, akitolewa anatembea kama mzee. Ng'ombe wenu hufuata maji na malisho, na njiani kwato husuguliwa na mawe na changarawe. Simbilisi naye ni mla nyasi. Asili yake ni milima ya Andes huko Amerika ya Kusini, na ndugu zake wa porini mpaka leo hula nyasi na kupita katika vijia wanavyojitengenezea chini ya majani marefu. Huyo ndiye tuliyemtia katika katoni.

Akikaa bila kutembea, kinachoharibika kwanza mara nyingi ni nyayo. Wayo wa simbilisi hauna manyoya, ni ngozi tupu na laini. Uzito ukikandamiza palepale kila siku, tena juu ya matandiko yenye mkojo au juu ya wavu wa chuma, ngozi huwa nyekundu, kisha hupasuka, kisha vijidudu huingia. Uvimbe ukishafika kwenye mfupa, kumponya ni kazi ngumu sana. Kwa hiyo, watoto, kila wiki mgeuzeni taratibu mtazame nyayo. Zikiwa nyekundu, badilisheni matandiko siku hiyohiyo, wekeni nyasi kavu nyingi, na mniite kabla hazijapasuka.

Sasa nitawaambia kosa langu mwenyewe. Binti yangu aliletewa majike wawili na shangazi yake. Walinenepa, wakawa wazito. Mimi, niliyesomea mifugo, nikamwambia binti awatoe kila jioni uani awakimbize ili wapungue. Akawakimbiza yeye na kaka zake kwa kelele na fimbo. Siku ya nne simbilisi hawakutoka kabisa. Walikaa wamekauka kama mawe, hata majani hawakugusa, na mmoja akafa. Binti hakunisemesha siku mbili, na alikuwa na haki.

Nilichokuwa nimesahau ni kwamba simbilisi ni mnyama wa kuwindwa. Mwewe, nyoka, paka, mbwa, wote humtaka. Hana pembe, hana kwato za kupiga teke. Silaha yake ni kujificha. Akiona yuko mahali peupe pasipo na pa kukimbilia, huganda. Ukimkimbiza, hafanyi mazoezi, anakimbia kifo. Lakini mpe maficho mawili matatu, utamwona mwenyewe akitoka, akichungulia, akipita mbio kutoka hili kwenda lile. Anatembea kwa sababu anajua pa kurudi.

Basi tengenezeni kiwanja chao. Kwa wawili, urefu wa hatua mbili na upana wa hatua moja ndiyo kiasi cha chini, na mkiweza ongezeni. Ukuta wa sentimita 40 unatosha kuwazuia wao, kwa kuwa si warukaji. Mbwa na paka hauwazuii, kwa hiyo usiku lazima pawe na kifuniko kizito. Sakafu iwe kavu, yenye nyasi. Ndani wekeni chungu kilichovunjika, kibuyu kikubwa kilichotobolewa pande zote mbili, au matofali yaliyofunikwa kwa ubao. Tundu liwe na upana wa shubiri, maana jike mwenye mimba hukwama kwenye tundu dogo. Na kila ficho liwe na milango miwili. Mwenye mlango mmoja hugeuka mtego pale mkubwa anapomfuata mdogo ndani.

Kisha chakula kiwafanyishe kazi. Maji yawe mwisho huu, nyasi mwisho ule. Majani mabichi msiyamwage rundo moja, yatawanyeni pembeni na mengine myafiche ndani ya nyasi kavu wayatafute. Fungeni kichala cha nyasi kwa kamba, mkining'inize kidogo juu ya kichwa cha simbilisi ili ajinyooshe kukifikia. Mama mmoja alinicheka nilipomwonyesha hivyo, akasema ni kama mbuzi na tawi la mgunga. Ni hivyohivyo hasa.

Mjini wanauza magurudumu ya waya ya wanyama wadogo kukimbilia ndani. Msinunue. Uti wa mgongo wa simbilisi haukuumbwa kupinda hivyo, na miguu hunasa kwenye waya. Wala msimfunge kamba shingoni kumtembeza kama ndama.

Wawe wawili au zaidi. Simbilisi wa peke yake hukaa tu, lakini wakiwa wawili mmoja akitoka mwingine humfuata. Majike hupatana vizuri. Madume wawili mara nyingi hupigana, na dume na jike, hilo mnajua mwisho wake. Wakiridhika, hasa wadogo, huruka juu ghafla wakijipindua hewani, kama mwana mbuzi aliyeshiba maziwa. Mtoto asiogope, si kifafa.

Saa zake nazo ziangalieni. Simbilisi huchangamka zaidi alfajiri na jioni, wakati ule ule mnapotoa mifugo na kuirudisha. Huo ndio wakati wa kumtoa malishoni. Chukueni tenga la kuku, mligeuze juu ya nyasi, mweke ndani pamoja na chungu chake, nusu ya tenga ifunikwe kwa kanga ili pawe na kivuli. Nyasi zikiisha, sogezeni tenga. Na mtu asiondoke hapo. Msilitege mahali mnapopulizia dawa ya kupe wala mnapomwaga maji ya josho. Dawa inayoua kupe ikibaki kwenye nyasi inaweza kumuua mnyama wa uzito wa kilo moja.

Mchana msimtoe. Joto likipita nyuzi 30, simbilisi huwa hatarini, kwa kuwa hatoi jasho la kumpoza. Ukimkuta amelala chali au ubavu, anahema upesi, mate yanamtoka, mpeleke kivulini, mpanguse masikio na miguu kwa kitambaa chenye maji ya kawaida, usimtumbukize kwenye maji baridi.

Na je, kama mmefanya yote haya na bado hatembei? Hapo ndipo nataka mnisikilize zaidi, hasa wakati huu wa kiangazi. Simbilisi hawezi kujitengenezea vitamini C mwilini. Ng'ombe anaweza, mbuzi anaweza, yeye ni kama sisi binadamu, lazima aile. Nyasi kavu karibu haina. Akikosa majani mabichi kwa wiki mbili tatu hupata kiseyeye: viungo huvimba na kuuma, fizi hutoka damu, manyoya husimama ovyo, na ukimshika hulia. Watu husema ni mvivu, kumbe kila hatua inamuuma. Huyo asilazimishwe kutembea hata kidogo. Mpeni kila siku nyasi mbichi kama zipo, sukuma wiki, na kipande cha pilipili hoho ukipata sokoni. Akianza matibabu mapema, baada ya siku chache utamwona anasogea. Mkikosa majani kabisa, njooni ofisini tuzungumze juu ya vidonge. Kipimo chake nitakiandika mimi, msikisie.

Yule aliyenenepa naye msimnyime chakula. Mzee mmoja alishauri asipewe kitu siku mbili apungue, kama fahali anavyopungua kiangazi. Simbilisi asipokula siku moja tu, tumbo husimama, na jike mnene mwenye mimba anaweza kufa kwa hilo. Nyasi aachiwe usiku na mchana, meno yake hayaachi kukua na nyasi ndizo zinazoyasaga. Kinachopunguzwa ni pumba, mahindi, viporo vya ugali na mkate. Mpimeni kila wiki kwenye mizani ya dukani, mwandike kwenye daftari la shule. Wengi wakikomaa huwa kati ya gramu 700 na 1,200. Zaidi ya hesabu hiyo, angalieni kama inapanda au inashuka.

Jambo la mwisho ni kumkamata. Msimkimbize kona kwa kona. Subirini aingie kwenye kibuyu, mkinyanyue pamoja naye. Mkono mmoja uwe chini ya kifua, mwingine chini ya makalio, na mtoto akae chini kabla ya kumpakata, kwa sababu akianguka kutoka kimo cha mtu mzima huvunjika mifupa.

Wale wawili niliowaleta wako kwenye kile chungu pale chini ya mti. Tangu nianze kuongea hawajatoka, kwa kuwa tumewazunguka. Wazee wabaki vitini, watoto rudini nyuma hatua tano na mnyamaze. Kisha kila aliye na simbilisi wake alete kwa zamu, nitatazama nyayo na kukata kucha.