Kanieneo na Ubadilishaji wa Atomu: Istilahi za Kiswahili katika Fizikia ya Vipitishi Vikuu

1. Utangulizi



Mada yangu inahusu metali ambazo wengi wetu hatutazishika mkononi. Hata hivyo, swali lake ni la isimu: je, jina tunalolipa jambo la kisayansi laweza kumpotosha anayejifunza? Mtoto wa Bashay, mkoani Manyara, aghalabu huanza na Kiiraqw nyumbani, akasoma shule ya msingi kwa Kiswahili, kisha akakutana na fizikia ya sekondari kwa Kiingereza. Istilahi ya Kiswahili iliyoundwa kwa uangalifu humpa mahali pa kusimama. Iliyoundwa ovyo humwongezea mzigo.

2. Chungu cha makande

Tuanze jikoni. Kwenye mwinuko wa mita 2,000 maji huchemka kwa takriban nyuzi 93 za Selsiasi, si 100, kwa kuwa hewa ya juu hukandamiza kidogo. Ndiyo maana maharage ya nyanda za juu huchelewa kuiva. Mpishi ana njia mbili. Aweza kutumia sufuria inayobana mvuke, kanieneo ikapanda na maji yakachemka kwa joto kubwa zaidi. Aweza pia kutia magadi, ambayo hulainisha maharage kwa njia ya kikemia. Njia zote mbili huivisha. Lakini mvuke ukiachiwa, kanieneo huondoka, ilhali magadi hubaki chunguni na ladha yake huonekana mezani.

3. Metali za elektroni nzito

Mwaka 1911 Heike Kamerlingh Onnes, huko Leiden, Uholanzi, aligundua kwamba zebaki ikipozwa hadi takriban kelvini 4.2 hupitisha umeme bila ukinzani. Hali hiyo naiita hapa upitishaji mkuu. Mwaka 1979 Frank Steglich na wenzake waliitambua katika mchanganyiko wa seriamu, shaba na silikoni, chini ya kelvini moja. Humo elektroni hutenda kana kwamba tungamo lao ni mamia ya mara ya lile la elektroni huru. Jambo hilo lilistaajabisha, kwani seriamu ina usumaku wake, na usumaku ulijulikana kuwa adui wa upitishaji mkuu.

Mfano ulio wazi ni fuwele za seriamu, rodiamu na indiamu. Katika kanieneo ya kawaida, sumaku ndogo za atomu hujipanga kwa kupingana chini ya kelvini 3.8. Fuwele ikikandamizwa kwa takriban mara 20,000 ya kanieneo ya angahewa, mpangilio huo hutoweka na upitishaji mkuu hushika nafasi, kwenye kelvini 2 hivi. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2000. Kabla ya kufika hapo, hali hizo mbili hukaa pamoja katika fuwele ileile.

Ukiweka kobalti badala ya rodiamu, upitishaji mkuu hutokea bila kukandamiza kitu. Atomu ya kobalti ni ndogo, hivyo fuwele hujibana yenyewe. Kwa sababu hiyo wanafizikia husema juu ya “kanieneo ya kikemia”.

4. Jina linapopotosha

Hapa ndipo mwanaisimu anapopaswa kuinua mkono. Chukua fuwele hiyo ya kobalti na ubadilishe sehemu ndogo ya indiamu kwa kadimiamu, yenye elektroni moja pungufu. Usumaku hurudi. Utafiti wa mwaka 2006 ulionesha kwamba kanieneo huweza kuufuta tena na kurejesha upitishaji mkuu. Mtu angedhani basi kwamba njia hizo mbili ni sarafu moja yenye pande mbili. Lakini utafiti uliochapishwa mwaka 2014 ulionesha kwamba, hata mpangilio wa jumla unapofutika, alama ya kadimiamu hubaki kandokando ya kila atomu yake. Magadi yangali chunguni.

Kwa hiyo napendekeza mambo matatu. Kwanza, neno kanieneo, lililotokana na kani na eneo, libaki kwa nguvu inayokandamiza. “Presha” na “shinikizo” zimekwisha kuzoeleka katika maradhi na siasa. Pili, kazi ya kadimiamu na kobalti iitwe ubadilishaji wa atomu, na “kanieneo ya kikemia” itajwe kama sitiari tu. Tatu, tusiseme hali hizi “zinashindana”, kwani kushinda humwacha mmoja uwanjani. Tuseme zinawania elektroni zilezile. Anayewania aweza kugawana, kama Kiiraqw na Kiswahili vinavyogawana kinywa cha mtu mmoja pale Bashay.

5. Hitimisho

Husemwa kwamba Kiswahili hakiwezi kubeba sayansi ya juu. Nimeibeba kwa dakika chache mbele yenu, na pale nilipokwama, kilichonikwamisha ni sitiari iliyozaliwa katika lugha nyingine. Muundaji wa istilahi asiyeuliza jambo lenyewe hutendekaje atatafsiri hata makosa. Wanafunzi wangu, kabla ya kufungua kamusi, nendeni kwanza kwa mwanafizikia.