Mlimau Wenye Majani ya Manjano

Msikilizaji, kabla hujakimbilia duka la pembejeo, tazama ni majani yapi ya mlimau wako yamegeuka manjano. Yakiwa yale makuukuu ya chini, huenda mti una upungufu wa naitrojeni: uwekee samadi iliyooza vizuri, mbali kidogo na shina. Yakiwa machanga, na mishipa imebaki kijani, mara nyingi mizizi haipati madini ya chuma. Hutokea sana huku pwani, kwenye udongo wa matumbawe wenye chokaa nyingi. Hapo majivu huzidisha tatizo, hata jirani akikusihi vipi uyaweke. Na kabla ya kuweka chochote, maji ya bafuni yakituama shinani, yachepushe kwanza.

Matunda je? Mlimau wa mbegu huchukua miaka kadhaa kuzaa, na ukiwa kivulini hutoa maua machache. Mbolea ya urea nayo ikizidi, mti utastawi majani tu.