Mgeni wa Bombay na Jembe Alilokuja Nalo

Bismillahi Rrahmani Rrahim.



Jina la Bombay si geni katika khabari za Uganda. Mwaka 1862, Mwingereza Speke alipofika kwa Kabaka Mutesa, miongoni mwa watu wake wakuu alikuwamo Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyetekwa utotoni, akauzwa na kuvushwa bahari hadi Gujarat, kisha akaachwa huru na kurejea Afrika akiwa na jina la mji huo. Lugha ya Kiswahili nayo imepokea mizigo mingi kwa njia hiyo hiyo ya bahari: gari, pesa, bima, hundi na laki ni maneno yaliyotoka Bara Hindi. Tena kwa miaka mingi bandari ya Bombay ilikuwa mlango wa mahujaji wa nchi ile, mpaka meli za kwenda Jeddah zilipokoma mwaka 1995. Mwaka huo huo mji ukaitwa rasmi Mumbai, ingawa ndimi nyingi hazijaliacha jina la kwanza.

Zamani mtu wa Afrika ya Mashariki alikwenda huko kwa biashara au masomo. Siku hizi wengi huenda kwa matibabu, na njia imekuwa fupi: mwaka 2023 ndege za Uganda zilianza kuruka moja kwa moja kutoka Entebbe hadi Mumbai. Mgonjwa hafuatani na upweke. Huandamana na mwana, au dada, au mume. Na huyo mwandamani mara nyingi ndiye mwenye mshahara unaolipia matibabu. Kwa hiyo hubeba kompyuta yake, akakusudia kuendelea na kazi ya Kampala kwa intaneti, huku akimuuguza mgonjwa wake.

Wahenga walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Lakini mgeni huyu wa leo hangoji kupewa. Amekuja na jembe lake mkobani. Hapo ndipo penye jambo la kuzingatiwa, kwani jembe hilo laweza kumlisha mgonjwa, na laweza pia kumkata mwenye kulishika. Msafiri huyo amebeba amana tatu, na haifai moja iliwe ili nyingine ishibe.

Amana ya kwanza ni ya mwenye nchi. Serikali ya India hutoa viza za namna mbalimbali: ya utalii, ya biashara, ya ajira, ya matibabu, na ya mwandamani wa mgonjwa. Viza ya utalii haimpi mtu ruhusa ya kuajiriwa nchini humo. Wala mwenye kumfuata mgonjwa hafai kujiita mtalii kwa kuwa fomu ile imeonekana nyepesi. Atakayeendelea na kazi ya mwajiri wa kwao, yampasa aulize Ubalozi wa India kabla ya kununua tikiti, aeleze kazi yake ilivyo, na apate jibu kwa maandishi. Ajue pia kwamba mtu akikaa India siku 182 au zaidi katika mwaka wa fedha, ambao huanza tarehe 1 Aprili, sheria ya kodi humhesabu kuwa mkaazi. Tena mwenye nyumba anayempangisha mgeni wa nchi nyingine analazimika kuwaarifu wakuu wa uhamiaji ndani ya saa 24. Basi chumba cha bei rahisi ambacho mwenyewe hataki kuandika jina la mpangaji si rahisi hata kidogo. Siku mgeni atakapoulizwa hati zake, mgonjwa ndiye atakayebaki kitandani bila msimamizi.

Amana ya pili ni ya mwajiri. Saa za Mumbai zimetangulia saa za Kampala kwa saa mbili na nusu, na ile nusu imewakosesha wengi mikutano yao. Ofisi ya Kampala ikifunguliwa saa mbili asubuhi, Mumbai ni saa nne na nusu. Ikifungwa saa kumi na moja jioni, Mumbai ni saa moja na nusu usiku. Katika hesabu hiyo mna rehema na mna mtihani. Rehema ni kwamba saa za mapema ni za mgonjwa: mwandamani aweza kwenda hospitali asubuhi, akazungumza na daktari, kisha akarudi mezani kabla ofisi ya kwao haijafunguliwa. Mtihani ni kwamba mwaka mzima jua la Mumbai huzama wakati Kampala bado wapo kazini, baina ya saa tisa u nusu na saa kumi na dakika hamsini kwa saa za Kampala. Kwa hiyo sala ya Magharibi huingia katikati ya kazi. Wala hilo si la kuibia dakika kwa siri. Mwenye busara huafikiana na mwajiri kabla ya safari, akataja saa za sala na siku za hospitali, na akaahidi kazi anayoiweza tu. Mwajiri aliyeambiwa kweli mapema huvumilia mengi. Aliyefichwa huona kila kuchelewa kuwa ni uwongo mwingine.

Amana ya tatu, nayo ndiyo iliyosababisha safari, ni ya mgonjwa. Katika mtaa wa Parel ipo Hospitali ya Tata Memorial, iliyofunguliwa mwaka 1941, inayojulikana mno kwa matibabu ya saratani. Kandoni mwa barabara za mtaa huo huonekana jamaa za wagonjwa waliotoka mikoa ya mbali ya India, wakilala nje kwa kukosa malazi. Ikiwa hivyo ndivyo kwa wenye nchi, mgeni asitumaini kwamba chumba kitapatikana tu akishafika. Atafute makao karibu na hospitali, hata yakiwa finyu, kuliko nyumba nzuri ya mbali. Treni za mji ule, ambazo njia yake ya kwanza ilifunguliwa mwaka 1853, hubeba mamilioni ya watu kila siku, na asubuhi mtu mzima hupenya kwa shida, sembuse mgonjwa. Na baina ya Juni na Septemba ni majira ya mvua kubwa. Tarehe 26 Julai 2005 zilinyesha milimita 944 kwa siku moja, treni zikasimama na watu wengi wakapoteza maisha. Katika majira hayo mwandamani aweke dawa za siku kadhaa chumbani.

Mahitaji mengine ni mepesi. Katika Barabara ya Mohammed Ali na mitaa iliyo jirani misikiti ni mingi na chakula cha halali hakitafutwi kwa taa.

Ndugu Waislamu, yabaki la waliobaki nyumbani. Desturi ya kuchanga nauli ni njema, lakini nauli huishia uwanja wa ndege. Kabla ya mgonjwa kusindikizwa, jamaa na waulize mambo manne: viza ni ya namna gani, mwajiri ameafiki nini, chumba kiko wapi, na nani atapokea zamu mwandamani akichoka. Kwani atachoka. Mtu anayekesha kando ya kitanda na kukesha mbele ya kompyuta hawezi kudumu miezi mingi, na fedha za kumpeleka wa pili kumpokea ni sehemu ya matibabu, si anasa.

Mwenyezi Mungu awape wagonjwa shifaa, awarejeshe wasafiri kwa salama, na awajaalie wachangaji moyo wa kuuliza kabla ya kutoa, na wa kuendelea kutoa baada ya ndege kuondoka. Amin.